Mabati Yaja

Mzizimani,
3 Oktoba 1953

Kwa ndugu yangu Iddi Waziri, karani, Kwale.

Salamu na dua njema zikufikie hapo mezani kwako. Sisi huku hatujambo, ila mikono. Imechubuka yote kwa mawe ya matumbawe. Tangu siku ile ya Shaabani uliposimama barazani na koti lako, ukasoma ile karatasi ya serikali kwamba raia wajenge kuta za nyumba ya uzazi, nayo serikali itatia mabati na kutuletea mkunga wa hospitali, wanawake wa hapa hawajalala. Maji yakitoka tunashuka pwani kuchukua mawe, yakijaa tunachoma chokaa. Wanaume nao wanasaidia sana, wanakaa kivulini wakituambia jiwe lipi ni kubwa.

Kuta zimefika kifuani mwangu. Chokaa haikutosha, tumeitia upande wa mbele tu, nyuma ni mawe na udongo. Lakini mabati yakiwa juu, udongo hautakuwa na neno.

Sasa la siri yetu. Mkeo Mwanarusi ana mimba. Usipige vigelegele bado. Huyu ni wa tatu, na wawili wa kwanza unajua walipolala. Mimi nimezalisha nusu ya kijiji hiki, na watu wakiniona wanatulia. Nawe nakwambia nisilowaambia wao: mikono yangu ina mwisho wake. Yule wa pili alikuja kwa bega, nikashindwa kumgeuza. Wa sasa atazaliwa katikati ya masika, wakati ambao mto umejaa na hospitali ya Msambweni kwetu ni kama iko Makka. Ndiyo maana nabeba mawe.

Mwanarusi yuko katika nyumba yako ya mabati, ile uliyomwandikia mbele ya kadhi kuwa ndiyo mahari yake. Bado ni ya pekee hapa kijijini, na mvua ikinyesha watu hawasikilizani ndani. Anakusalimu.

Dada yako,
Mwanasha binti Waziri

—

Kwale,
11 Oktoba 1953

Dada Mwanasha, shikamoo.

Barua yako nimeipata na furaha yangu haina kipimo. Nimemweleza Bwana Mkubwa kwamba kuta zimefika kifuani, akacheka akasema vizuri sana, watu wa pwani wanaweza kumbe. Mimi ndiye niliyefasiri.

Ondoeni shaka. Makadirio ya mwaka nimeyapiga taipu kwa vidole vyangu hivi: mabati thelathini na sita, misumari, mkunga mmoja na mshahara wake. Kilichokwisha kupigwa taipu ni kama kimekwisha kufika. Mwambie mjomba Matano awatangazie watu kwamba mabati yaja.

Mwanarusi mwambie ale vizuri na asibebe mawe. Watoto wa karani hawazaliwi tena gizani.

Mimi ndugu yako mtiifu,
Iddi Waziri,
Karani wa Daraja la Pili

—

Mzizimani,
17 Januari 1954

Ndugu yangu Iddi,

Tangu ile barua ya Oktoba nimepata moja tu, ya Desemba, yenye maneno mawili: mabati yaja. Hukuuliza hata hali ya mkeo. Nikadhani wino umepanda bei.

Kuta zimekwisha. Boriti ziko juu. Nyumba imesimama, ina milango miwili na madirisha manne, na ndani jua linawaka. Wanawake wamechoka kungoja, wameshona makuti mia tisa, yamepangwa pale nyuma ya msikiti. Wanasema, hata mabati yakichelewa, tuezeke makuti kwa sasa, siku yakija tutayashusha. Kazi ya siku mbili. Mwalimu Rai naye aonavyo ni hivyo hivyo. Lakini mjomba Matano, kwa kuwa ndiye mzee wa mtaa na anaogopa karatasi kuliko anavyoogopa simba, amesema hapandi mtu mpaka Iddi aseme. Basi sema.

La pili. Mwanarusi ana miezi mitano. Ana shangazi yake Msambweni, Bi Dama, nyumba iko hatua chache kutoka hospitali. Anaomba ruhusa yako aende akakae huko kuanzia mwezi wa tatu, kabla mto haujafunga. Unajua kwetu mke wa mtu havuki mto bila neno la mumewe. Mjomba Matano anataka alione neno hilo limeandikwa, na sahihi yako chini. Mstari mmoja unatosha.

Mwanasha

—

Kwale,
29 Januari 1954

Dada, shikamoo.

Nakusihi, msitie makuti! Hata moja. Ninyi hamjui kazi za ofisi. Akija mkaguzi akakuta paa, hata la makuti, ataandika: jengo limeezekwa. Faili litafungwa, na mabati yenu yataandikiwa watu wengine. Isitoshe kanuni inasema nyumba ya dawa haiezekwi makuti kwa sababu ya moto. Acheni wazi kama lilivyo, ili mwenye macho aone linahitaji nini. Makuti gawaneni, mtengenezee mabanda yenu.

Kuhusu Mwanarusi, sioni haja. Nyumba itakuwa tayari kabla ya siku zake. Nawe fikiri, dada yangu. Ni mimi niliyesimama barazani. Mke wangu mwenyewe akionekana anavuka mto na virago vyake kwenda Msambweni, wale kina mama waliobeba mawe watasemaje? Watasema hata karani haiamini nyumba yake. Watu wote watavunjika moyo. Akae. Kukaa kwake ndiko kutakakowapa watu subira.

Nina kazi nyingi. Tangu Hali ya Hatari ianze huko bara, taipu haipoi.

Iddi

—

Mzizimani,
12 Machi 1954

Iddi,

Juzi Jumatano mabati yalikuja.

Nilikuwa shambani nikasikia vigelegele kutoka barabarani. Nikatupa jembe. Lori kubwa, limejaa mabati mapya mpaka macho yanauma kuyatazama, linakwenda polepole kwa ajili ya mashimo. Wanawake wamelizunguka, wengine wametandika leso zao njiani lipite juu yake. Mwanarusi na tumbo lake alikuwa mbele kabisa, anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu tulipomzika yule wa pili.

Lori halikukata kona. Tukafikiri dereva haijui njia. Tukalifuata kwa miguu, huku tunampigia kelele kwamba amepita, amepita! Akasimama akatoa kichwa, kijana mmoja anaitwa Mramba, mtu wa adabu zake. Akasema, "Mama zangu, mimi nimeambiwa kituo kipya cha polisi, pale njia panda. Nyumba ya uzazi siijui." Tukasimama pale na leso zetu zina alama za matairi.

Mabati yalikuwa zaidi ya mia. Kituo kile kina askari wanne.

Wale wanawake walinigeukia mimi, si wewe. Wewe uko Kwale. Mimi ndiye dada wa karani. Nikawaambia yenu yako nyuma yanakuja. Nimesema uongo au kweli? Nijibu hilo.

Tena narudia. Mtoto ameanza kulala upande, nimempapasa mara tatu. Mwanarusi anataka kuvuka. Amenitaka niyaandike maneno yake kama alivyoyasema, nami nayaandika: "Mwambie naogopa."

Mwanasha

—

Kwale,
22 Machi 1954

Dada yangu, shikamoo.

Nimesikitika kwa habari ya lori, lakini lawama si za mtu. Nikueleze ili uelewe. Fedha za serikali zimekatwa mafungu. Mabati yale ni ya fungu la polisi. Fungu la polisi haliingii katika fungu la afya, wala la afya haliingii katika la barabara. Hata kama polisi wana mabati ya kuzidi na ninyi hamna hata moja, hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuchukua kutoka hapa kutia pale. Ndivyo sheria ilivyo. Na vita vya bara vinakula, dada. Kila wiki inaletwa karatasi ya kupunguza: punguza dawa, punguza daraja, punguza visima. Bwana Mkubwa mwenyewe ameondolewa fedha za petroli, anakwenda safari kwa baiskeli, amekuwa mwekundu kama pilipili. Maneno haya yabaki baina yetu, ni siri ya ofisi.

Hili halina maana kwamba yenu hayapo. Inawezekana makadirio mapya yakayarudisha. Natumaini hivyo.

Mwanarusi mwambie asiogope. Wewe uko naye, na mikono yako naiamini kuliko daktari. Suala la kuvuka tulikwisha kulimaliza. Mabati yaja.

Iddi

—

Mzizimani,
21 Aprili 1954

Iddi,

Masika yameingia. Siku ya nne leo, haikatiki. Ukuta wa nyuma unatoka udongo, maji ni mekundu mpaka mlangoni. Tuliufunika kwa majamvi, yamekwenda na upepo. Makuti tuligawana kama ulivyoamuru, yako juu ya mbuzi.

Umeandika "yakayarudisha". Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Kitu hurudishwa kikiwa kimekwisha kuondolewa. Kuna nini usichoniambia?

Mto bado unavukika mpaka kiunoni. Nipe ruhusa ya mkeo. Sikuombi tena, nakuamrisha kama dada yako mkubwa niliyekufundisha kutembea. Barua hii nampa mzee Chome aende nayo kwa miguu.

Mwanasha

—

Kwale,
2 Mei 1954

Dada Mwanasha,

Ruhusa nimetoa. Mwanarusi na avuke leo hii, asingoje kesho. Mwonyeshe mjomba Matano sahihi yangu.

Mzee Chome alifika hapa akiwa na homa, nimemlaza kwangu. Barua hii nimempa dereva wa basi aiache dukani Msambweni.

Nitasema sasa. Mabati yalifutwa tarehe 9 Novemba. Waraka ulifika asubuhi, nikapewa niupige taipu nakala nne. Mabati, misumari, mkunga, vyote vilipigwa mstari. Niliambiwa ni siri mpaka watu watangaziwe rasmi, na rasmi haikuja. Ningeweza kukuandikia wewe peke yako. Nilikaa na kalamu usiku ule nikaona sura za wale wanawake siku ya baraza, walivyonishangilia, na mjomba alivyonishika bega. Nikasema labda makadirio mapya. Baadaye kila barua ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa naficha na uongo wangu mwenyewe. Yale ya mkaguzi na makuti niliyatunga. Kama mngetia makuti mngeniuliza kwa nini mabati hayaji, basi nikaona bora mngoje.

Na Mwanarusi nilimzuia ili nisijulikane. Hilo nimeliandika kwa mkono wangu ili ulione.

Mvusheni. Nakuomba.

Iddi

—

Mzizimani,
24 Mei 1954

Iddi,

Barua yako ya ruhusa nimeipata tarehe 14. Ilikaa dukani ng'ambo ya mto siku kumi na moja, duka kavu, haikulowa hata kidogo.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, wala usitazamie nikupunguzie.

Ukuta wa nyuma ulianguka usiku wa kuamkia Ramadhani. Siku ya tatu ya mfungo Mwanarusi akashikwa na uchungu, kabla ya siku zake. Nikapapasa, nikakuta bega. Nikamwambia mjomba Matano mwanamke huyu anavuka. Akasema bado karatasi ya mumewe. Nikamwambia karatasi nitaiandika mimi kwa damu ya mtu, achague ya nani. Hapo ndipo alipoondoka kwenda kutafuta wanaume.

Tulimchukua kitandani. Wanaume wanane, wamefunga, koo kavu, na mvua inawapiga usoni. Tulipofika mtoni maji yalikuwa juu ya matawi. Wawili waliingia na kamba, wakarudi wameiachia. Tukakaa ukingoni tangu asubuhi mpaka alasiri, tumemshikia jamvi juu ya kichwa. Nyumba tuliyoijenga kwa mikono yetu isingetufaa, haikuwa na kitu cha juu wala cha nyuma. Nilifanya ninavyojua. Ni msichana. Alikuwa mzima mpaka karibu na mwisho, nilimsikia mkononi. Tumemzika karibu na ndugu zake.

Mkeo yu hai. Homa ilimshika siku kumi, sasa anakaa na anakunywa uji. Barua yako ya tarehe 2 nimemsomea yote, neno kwa neno, kwa sababu aliniambia nikiruka kitu atajua. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza swali moja tu: "Novemba nilikuwa na miezi mingapi?" Nikamwambia mitatu. Akageukia ukutani.

Nami sijivui lawama. Kuanzia Januari hata Mei nilikuwa na miguu, na mto ulikuwa unavukika, nikangoja mstari wako mmoja. Hilo ni langu, nitakwenda nalo. La kwako ni zito zaidi, na sitakusaidia kulibeba.

Watu hawajui bado. Wanasema ni kudura, na wanakuombea mfiwa subira. Mimi nimefunga kinywa, maana si mimi niliyesimama barazani.

Mwanasha

—

Mzizimani,
30 Juni 1954

Kwa Bwana Iddi Waziri.

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako. Zile nyingine wifi aliniandikia, kwa kuwa nilidhani mke akitaka jambo anapitia kwa mtu mzima. Herufi ninazijua, tulisoma chuo kimoja mimi na yeye.

Arubaini yangu imekwisha. Nilipokuwa nimelala na homa nilikuwa natazama juu. Mchana kutwa sina kazi nyingine ila kutazama juu, na mvua inapiga pale juu mpaka nashindwa kusikia kilio changu. Siku ya nane au ya tisa nikaanza kuhesabu. Mabati arubaini. Nyumba ya uzazi ilitaka thelathini na sita.

Miezi yote ile tulitazama barabarani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho. Wifi pia hakuona. Wewe ulikuwa karani, unajua kuhesabu.

Nimemwita mjomba Matano nikamwambia: nyumba hii ni mahari yangu, iliandikwa mbele ya kadhi na wewe mjomba ulikuwa shahidi. Akasema lakini ruhusa ya Iddi. Nikamwambia mahari haina ruhusa. Akaenda kuleta ngazi.

Ukuta wa nyuma tumeujenga upya, safari hii kwa chokaa. Mabati yalishushwa Jumamosi na kupandishwa Jumapili. Manne yamebaki, tumemfunikia mzee Chome jiko lake, maana alirudi kutoka kwako kifua kibovu. Wifi amehamishia mkeka wake kule na beseni. Jumatano alizaliwa mtoto wa kwanza humo, mvulana, kichwa kimetangulia, hakuwa na shida. Nilishika taa. Nilifurahi, kisha nikatoka nje nikalia.

Nyumba uliyonioa nayo sasa haina kitu juu. Mimi niko kwa mjomba. Sijaomba talaka, wala sijasema sitaiomba.

Lakini watu wanauliza. Wanasema sasa mabati yako juu, tena ni mabati kweli kama kanuni inavyotaka, basi mkunga wa hospitali anakuja lini? Mjomba anataka kukuandikia rasmi. Wanawake wameanza kufagia chumba chake. Nimewaona wakipanda maua mlangoni, Iddi. Nikakumbuka leso.

Ijumaa ya tarehe 16 kuna baraza. Mwalimu Rai atasimama pale uliposimama wewe na atasoma utakachoandika. Usiniandikie mimi, wala wifi. Waandikie wao. Kama ni hakuna, andika hakuna. Neno hilo tungelipata Novemba, tungetia makuti kwa siku mbili, nami ningevuka mto kwa miguu yangu.

Mwanarusi binti Abdurahman

—

Kwale,
9 Julai 1954

Kwa watu wote wa Mzizimani. Mwalimu Rai aisome kwa sauti, asiruke.

Mkunga hakuna. Mabati hayakuwako. Fedha yake ilifutwa, na hakuna aliyeniahidi kwamba itarudi.

Mkaguzi hakuwako. Makuti yenu hayakuwa na kosa.

Lori lile halikuwa lenu, na hakuna jingine nyuma yake.

Haya nayaandika bila idhini ya ofisi, na nakala nimeiweka mezani kwa Bwana Mkubwa.

Binti yangu alikufa ukingoni mwa mto kwa sababu mama yake alitaka kuvuka, nami nikamkataza ili msinijue.

Nilijua tangu tarehe 9 Novemba.

Iddi Waziri